Wataalamu wa Kichina na uhamishaji wa teknolojia

Tangu Vita Baridi mataifa makubwa yamewagombea wataalamu wa Kichina. Qian Xuesen, mhandisi wa roketi aliyefanya kazi Marekani, alishukiwa ukomunisti mwaka 1950 na kuwekwa chini ya uangalizi miaka mitano. Aliruhusiwa kurudi kwao mwaka 1955, akaongoza mpango wa makombora wa China. Mwaka 2018 Marekani ilianza tena kuwaandama watafiti walioshukiwa kupeleka siri China. Msako huo ukasitishwa Februari 2022, kufuatia malalamiko kwamba watu walilengwa kwa asili yao.

Afrika Mashariki mvutano huo ulipita relini. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru mwaka 1965, shaba ya Zambia, iliyokuwa ikipitia huko, ilihitaji njia nyingine ya kufika baharini. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema reli ya kutoka Zambia hadi Dar es Salaam haitalipa. China ikakubali kuijenga kwa mkopo usio na riba, mkataba ukasainiwa Septemba 1967. Kazi ilianza 1970, na kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zikakabidhiwa Julai 1976. Marekani nayo ilisaidia kugharimia barabara kuu ya kwenda Zambia miaka hiyohiyo. Baadhi ya Wachina waliofia kazi ya reli wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Ujuzi ulihamishwa kwa njia mbili. Mwaka 1972 vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli. Wengine walijifunza kazini, fundi wa Kichina akionyesha kwa mikono pale lugha ilipogoma. Njia hiyo ya pili haijapewa heshima inayostahili.

Injini za kwanza za Kichina zilielemewa na milima. Miaka ya 1980 reli hiyo, iitwayo TAZARA, ikaleta nyingine zilizoundwa Ujerumani kwa usanifu wa Kimarekani, hivyo mafundi wa reli wakalazimika kujua teknolojia za pande zote mbili.

Ufipa, eneo la Sumbawanga, pia imeonja mchanganyiko huo. Barabara ya lami ya Tunduma–Sumbawanga, inayomfikisha msafiri wa kata ya Kasense, Sumbawanga, kwenye stesheni ya TAZARA, ilijengwa kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa 2008, na kampuni ya Kichina ilikuwa miongoni mwa wakandarasi.

Septemba 2024, jijini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilisaini makubaliano ya kuifufua TAZARA. Serikali zetu zidai humo nafasi za masomo na kazi za uhandisi kwa vijana wazawa, kwa idadi iliyoandikwa.