Kiengua povu: chombo kisichochuja

Shangazi alikuja kutoka Pangani kumuuguza mdogo wangu, akakaa kwetu wiki mbili. Jioni ya kwanza alilisogelea tangi la maji ya chumvi pale sebuleni, akawapita samaki bila neno, maana samaki anawajua, akachuchumaa mbele ya kabati la chini nilikoficha mitambo. Humo mna bomba nene la plastiki lililosimama wima, limejaa viputo vyeupe kama maziwa, na juu yake kikombe chenye maji ya kahawia yanayonuka vibaya.

"Nini hiki?"

"Kichujio cha protini, shangazi."

Akaangalia tena. "Hakichuji hiki, baba. Kinaengua."

Nilikuwa nimeshaandika "kichujio cha protini" mara nyingi katika maelekezo ninayowapa wanaoanza kufuga samaki wa baharini, wala sikuwahi kulitilia shaka. Waingereza wanakiita protein skimmer, nami nilikimbilia neno la kwanza lililokuja, kwa kuwa kila kinachosafisha maji tumezoea kukiita kichujio. Lakini mpishi hachanganyi mambo haya. Kuchuja ni kupitisha kimiminiko kwenye matundu: tui linapita kwenye kifumbu, machicha yanabaki. Unga unachekechwa, mchele unapepetwa. Kuengua ni kazi nyingine kabisa. Nyama ikianza kuchemka, povu la kijivu hupanda juu. Mwenye sufuria huchukua upawa akaliondoa kabla halijarudi ndani na kuutia mchuzi ukungu. Hapo hakuna tundu wala kitambaa. Uchafu umepanda wenyewe, kazi ya mpishi ni kuuwahi.

Na povu lile la nyama, kwa sehemu kubwa, ni protini. Shangazi alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ndani ya tangi, kinyesi cha samaki, mabaki ya chakula na ute wa matumbawe huachia molekuli zenye tabia ya kuwa na pande mbili: upande mmoja unapenda maji, mwingine unayakimbia. Molekuli ya namna hiyo haitulii majini. Ikikutana na kiputo cha hewa hujishikiza kwenye ngozi yake, upande mmoja majini, mwingine hewani. Pampu ya chombo hiki huvuta hewa na kuikatakata, viputo hupanda na mizigo yao, hujazana kwenye shingo ya bomba, hugeuka povu zito, kisha povu humwagikia kikombeni. Udogo wa kiputo ndio siri ya yote: kwa kiasi kilekile cha hewa, ukipunguza kipenyo cha viputo kwa nusu, eneo la kushikia uchafu linakuwa mara mbili. Ndiyo maana chombo hiki hakifai kwa samaki wa maji baridi. Katika maji yasiyo na chumvi viputo huungana upesi vikawa vikubwa, vikapasuka na kwenda zao. Chumvi huvizuia visiungane.

Basi jina. Wajerumani wana Abschäumer, na ndani yake mna Schaum, yaani povu; kitenzi chake ni kilekile wanachotumia jikoni kwa mchuzi. Wao walianza na wanachokiona, Waingereza wakaanza na wanachokijua. Mimi nawafuata Wajerumani, kwa sababu kinachoenguliwa si protini peke yake. Sarufi yetu inatoa njia mbili. Zibua imetupa kizibuo, kwa hiyo engua ingetupa kienguo, neno fupi na zuri, ila mtu akilisikia peke yake hajui linaengua nini. Njia ya pili ndiyo iliyotupa kipaza sauti na kinasa sauti: kitenzi na kitu chake vikae pamoja. Kiengua povu. Hili ndilo ninalotumia sasa.

Najua lina majirani wabaya. Siku hizi, Tanzania hasa, ukisema kuenguliwa watu wanafikiria wagombea waliokatwa majina, na povu ni maneno ya mtu aliyekasirika mitandaoni. Rafiki mmoja aliniuliza kama chombo changu kinaweza kufungwa kwenye simu. Lakini maana ya siasa imetoka jikoni, si kinyume chake, na neno lililo hai halikataliwi kwa sababu lina kazi nyingine pembeni.

Ningekuwa nabishania jina tu, ningeishia hapo. Jina baya lilinigharimu miezi. Tangi langu la lita 200 liliota mwani wa nywele, ule wa kijani unaofunika mawe kama manyoya ya paka aliyelowa. Nikajiambia: nina kichujio cha protini, kazi yake kuchuja, basi nikiongeze nguvu. Nikanunua kikubwa zaidi. Mwani ukaendelea kuota kana kwamba nimeumwagilia, na kumbe nilikuwa naumwagilia kweli.

Mwani hauli protini. Unakula nitrati na fosfati, na hizo hazishiki kwenye kiputo. Kiengua povu huwahi kabla: hutoa uchafu ungali mbichi, haujaoza na kuwa amonia, ambayo bakteria huigeuza nitriti, kisha nitrati. Ikishakuwa nitrati, upawa umechelewa. Hata kwa uchafu mbichi hakimalizi. Ken Feldman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania alipovipima vyombo hivi, aliona vinatoa takriban theluthi moja tu, au pungufu, ya kaboni ya kikaboni iliyopimika majini. Mtu anayejua kwamba anaengua hawezi kushangazwa na hesabu hiyo. Anayedhani anachuja hushangaa.

Kichujio halisi, yaani sifongo au soksi, nacho kina udanganyifu wake. Kinazuia uchafu, lakini hakijautoa: umekaa palepale, maji yanaupitia saa ishirini na nne, unaoza. Soksi isiyofuliwa kila baada ya siku mbili tatu ni kiwanda cha nitrati.

Kwangu mimi mwizi alikuwa kwingine. Maji ya tangi hupungua kwa mvuke, chumvi inabaki, hivyo pengo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Nilikuwa najazia maji ya kisima. Katika mitaa yetu yenye vyoo vya shimo, maji ya kisima mara nyingi hubeba nitrati, na mvuke ukiondoka hauondoki na nitrati. Kila ndoo iliongeza akiba. Nilipohamia maji yaliyopitishwa kwenye utando wa osmosisi ya kinyumenyume (huo ndio mchujo hasa, shangazi asingebisha), manyoya yakaanza kukonda.

Neno mwani lenyewe nalo linahitaji tahadhari. Ukimwambia mama wa Paje au Jambiani kwamba unapambana na mwani, atakuona una wazimu; yeye anaufunga kwenye kamba, anauvuna, anaukausha, anauuza. Mimi husema mwani wa nywele, au utando wa kijani kwa ule unaopaka kioo. Ule mwekundu unaoteleza kama kamasi sio mwani hata kidogo, ni sayanobakteria, na dawa yake si ileile. Ila mama wa Paje ana somo ambalo maduka huliuza ghali: kuvuna. Katika chumba kidogo chini ya tangi, ukiotesha mwani mwema chini ya taa na kuupunguza kila wiki, nitrati na fosfati zinatoka nyumbani zikiwa ndani ya majani. Konokono, kangaja na tafi husafisha mawe vizuri mno, lakini hawatoi kitu. Walichokula wanakirudisha kwa njia ya nyuma. Wakulima wa mwani wanamjua tafi, na si kwa wema.

Onyo dogo kwa atakayenunua kiengua povu. Kikiwa kipya kinaweza kukaa siku kadhaa bila povu la maana, usikirudishe dukani. Na usitie mkono wenye mafuta. Siku moja nilitoka kupaka mafuta ya nazi, nikaingiza mkono kuinua jiwe lililoanguka. Povu likafa palepale, halikurudi hadi usiku. Mafuta hulivunja povu.

Kimebaki kitu kimoja bila jina, yale maji ya kikombeni. Kuchuja nazi kumetupa machicha, kupepeta kumetupa makapi. Nimependekeza maenguo. Shangazi, aliyekuwa amebeba kikombe kwa vidole viwili kwenda kukimwaga kwenye mnazi nyuma ya nyumba, alisema yeye anaita uchafu.