Granuloma ya Nini?

"Uvimbe sugu wenye granuloma, unaoafikiana na TB." Kwa miaka mingi hilo ndilo jibu lililokuwa likirudi Kisii kutoka kwa mabingwa wa patholojia, limepigwa taipu kwenye karatasi nyembamba yenye muhuri. Nilianza kulisoma mwishoni mwa miaka ya 1970, nikiwa kijana wa Gesima aliyetoka chuo cha mafunzo ya tiba na kuingia maabara. Nilipostaafu nikarudi kwenye majani yangu ya chai, lilikuwa bado linaandikwa. Mara nyingi ni jibu la kweli. Mara nyingine ni nusu ya jibu, na nusu hiyo imewalisha watu dawa zisizo zao.

Nianze na kitu chenyewe. Mwili ukiingiliwa na mgeni usiyemweza, awe bakteria mwenye ganda la nta, yai la mnyoo au uzi wa mshono, seli walaji humzingira. Zisipoweza kummaliza hubadilika: hurefuka, hupauka, mipaka baina yao hupotea, na baadhi huungana zikawa seli moja kubwa yenye viini vingi. Pembeni hujipanga limfosaiti, seli ndogo zenye viini vyeusi. Fundo hilo ndilo granuloma. Mengi hayafikii hata milimita moja, ndiyo maana hayaonekani mpaka kinyama kigandishwe ndani ya nta, kikatwe vipande vya mikroni tatu hadi tano, kipigwe rangi na kuwekwa chini ya hadubini.

Wazungu waliliona umbo hili kabla ya kujua kinacholisababisha. Katika miaka ya 1860 Rudolf Virchow wa Berlin alikuwa ameshaweka mafundo ya ukoma na ya kaswende katika kundi moja la uvimbe, na seli za ukoma zilizojaa mapovu zinaitwa kwa jina lake hadi leo. Mwaka 1868 Theodor Langhans alieleza seli kubwa za kifua kikuu, ambazo viini vyake hujipanga ukingoni kwa umbo la hilali. Armauer Hansen aliona vijidudu vya ukoma kule Bergen, Norwei, mwaka 1873. Robert Koch alitangaza bakteria wa TB tarehe 24 Machi 1882, na muda si mrefu Ziehl na Neelsen wakatupatia rangi tunayoiita ZN. Bakteria huyo akishashika ule wekundu wa fuksini, hata ukimwosha kwa asidi hauachii. Hebu tazama mfuatano: umbo lilitangulia, kisababishi kikafuata miaka mingi baadaye. Kwenye meza ya maabara mambo huenda hivyohivyo kila siku, na makosa yote niliyowahi kuyashuhudia hutokea hapo katikati.

Kwetu Gusii kufungua mwili hakukuletwa na hospitali. Omobari omotwe, mpasuaji wetu wa kichwa wa jadi, alikuwa akipasua ngozi ya kichwa cha mtu aliyepigwa rungu na kukwangua mfupa ili maumivu yatulie. Edward Margetts, daktari wa magonjwa ya akili, aliandika habari za kazi hiyo katika miaka ya 1960, ikiwa bado inafanywa. Lakini kilichokwanguliwa kilitupwa. Hospitali ilikuja na desturi nyingine: kilichokatwa kihifadhiwe, kiandikwe jina la mwenyewe, kitafutiwe mtu wa kukisoma.

Mtu huyo alikuwa mbali. Katika miaka ya 1960 Profesa Michael Hutt, aliyeongoza patholojia pale Makerere, alikuwa akipokea vinyama kwa njia ya posta kutoka hospitali za wilaya na za misheni kote Uganda. Mwaka 1965 yeye na Denis Burkitt walichapisha maelezo ya jinsi saratani zilivyosambaa Afrika Mashariki, na huduma ile inakumbukwa zaidi kwa sababu hiyo. Mimi naikumbuka kwa tabia iliyoijenga: kwamba hata muuguzi wa misheni iliyoko mwisho wa barabara ana haki ya kupata jibu la hadubini. Upande wetu wa mpaka vinyama vilikwenda Nairobi, au Kisumu katika hospitali ambayo mpaka leo watu wanaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960.

Mimi mwenyewe nimefunga vifurushi hivyo. Tulichukua kichupa cha penisilini kilichooshwa, tukatia fomalini na kinyama, tukazungusha plasta kwenye kizibo cha mpira, kisha kichupa tukakizamisha kwenye pamba ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kopo lilipanda basi, likapita Keroka na Sotik kuelekea Nairobi. Jibu lilichukua wiki nyingi. Fomu ikiwa imeandikwa "uvimbe shingoni" na basi, bila umri, bila kijiji, bila kusema kama mgonjwa anakohoa, ulitarajia bingwa aandike nini? Aliandika lile linalotokea mara nyingi zaidi.

Na kosa lilikuwa ghali. Kabla ya majaribio ya Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambayo katika miaka ya 1970 yalithibitisha kwamba miezi sita ya dawa yenye rifampisini inatosha, mgonjwa wa TB alikuwa akimeza dawa kwa mwaka mmoja na nusu, na mwanzoni akidungwa streptomisini kila siku. Anayetibiwa TB asiyokuwa nayo alibeba mzigo huo wote bure.

Aliyenifunza kusita alikuwa mzee mmoja wa Busia, tuliyekuwa tukimwita Mwalimu. Ujana wake ulipita Alupe. Wasomaji wa siku hizi wanajua chuo kikuu cha huko. Wachache wanajua kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 hapohapo kilianzishwa kituo cha Afrika Mashariki cha utafiti wa ukoma, kwa juhudi za James Ross Innes, daktari aliyekuwa amezunguka nchi hizi akihesabu wakoma. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 kituo kilibaki upande wa Kenya, kisha kikaingia mikononi mwa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979.

Mwalimu alikuwa akiinama kwenye hadubini yako, anasogeza slaidi kidogo, halafu anauliza, "Umeona nini, kijana?"

"Granuloma, Mwalimu."

"Ya nini?"

Ukijibu TB kwa haraka, alikutuma utafute mshipa wa fahamu. Katika ngozi, fundo linalofuata mshipa wa fahamu na kuutafuna ni la ukoma mpaka ithibitike vingine. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba ZN ya kawaida inaweza kukudanganya hapo. Kijidudu cha ukoma kina nta dhaifu, na zailini inayoondoa parafini ya kugandishia kinyama huidhoofisha zaidi. Kinaoshwa wekundu wake, unaandika "hakuna kitu". Dawa yake ni mbinu ya Fite, ambapo zailini huchanganywa na mafuta ya karanga yanayoilinda ile nta. Mwalimu aliyaweka kwenye rafu pamoja na asidi na fuksini, na mgeni akiingia alidhani tunapika.

Uainishaji wa ukoma ndio uliokuwa fahari ya watu wa Alupe. Mwaka 1966 Ridley na Jopling wa London waliupanga ugonjwa huo katika ngazi tano kwa kufuata jinsi mwili unavyopigana nao. Upande mmoja mapigano ni makali: granuloma zilizokaza, limfosaiti tele, vijidudu vya kutafuta kwa tochi. Upande wa pili mwili umekata tamaa: hakuna fundo la kueleweka, ila seli za Virchow zenye mapovu, zimejaa vijidudu mafungu kwa mafungu. Katikati ni pagumu, na mgonjwa anaweza kuhama ngazi. Kwa maoni yangu hakuna mpango mwingine wa granuloma uliofikiriwa vizuri kama huo, kwa sababu hausemi tu jina la ugonjwa. Unasema hali ya mwenye mwili. Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani liliwarahisishia wahudumu kazi: hesabu mabaka, yakizidi matano ni kundi la vijidudu vingi. Ni sawa kwa zahanati. Hadubini, hata hivyo, ilipoteza shule yake nzuri kuliko zote.

Kichocho nacho kilikuwa na slaidi zake. Watu wetu wa milimani huteremka ziwani, Homa Bay na Kendu Bay, kuuza ndizi na kununua samaki, na wengine hukaa huko miaka. Kinyama cha ini au cha utumbo kinakuja na granuloma zenye seli nyingi za eosinofili, na pale kati pamebaki tundu tu. Hapo unarudi kwenye mikrotomu, unakata ndani zaidi, kipande baada ya kipande, mpaka yai lijitokeze. Mwiba wa ubavuni ni wa kichocho cha mansoni, wa mwishoni ni wa haematobium. Mwiba usipoonekana, piga ZN: ganda la mansoni hushika wekundu, la haematobium kwa kawaida halishiki. Rangi iliyobuniwa kwa ajili ya TB ndiyo inayokutoa kwenye TB.

Kuhusu vitu vya nje nitasema kidogo. Seli kubwa zenye viini vilivyotawanyika ovyo zinakuambia utafute uzi wa mshono, mwiba, au unga wa ulanga uliokuwa ukipakwa kwenye glavu za upasuaji zamani. Zungusha vichujio vya mwanga wa polaraizi na chembe inang'aa gizani. Hadubini nyingi nilizokuta hazikuwa na vichujio hivyo, tukabuni vya kwetu kutoka kwenye miwani ya jua.

Kisha ikaja miaka ambayo mafundo yenyewe yalianza kutoweka. Virusi vya UKIMWI vilitambuliwa Kenya mwaka 1984, na katika miaka ya 1990 tuliona athari zake kwenye slaidi hata kwa wagonjwa ambao hakuna aliyewapima. TB niliyofundishwa chuoni ilikuwa na sura yake: seli ndefu zilizopauka, Langhans na hilali yake, na katikati nyama iliyokufa ikawa bonge la rangi ya waridi, kwa macho inafanana na amabere amaruranu, maziwa yetu ya mgando, yanapomiminwa kutoka kibuyuni. Sasa tezi za shingo zilikuja zimeoza tu. Hakuna Langhans, hakuna ukuta, limfosaiti za kuhesabika. Mfunzwa angeandika "usaha". Ukipiga ZN, uwanja mzima mwekundu kwa bakteria. Mwili usio na askari haujengi ngome. Tulilazimika kuwaambia wanafunzi wetu kinyume cha tulichofunzwa: ukikosa granuloma usiseme TB haipo.

Baada ya mwaka 2003 dawa za ARV zilipoanza kuenea katika hospitali za umma, nikaona jambo ambalo sikulitegemea. Wagonjwa walioanza dawa walivimba tezi upya baada ya wiki chache, wengine wakaogopa kwamba dawa zinawaua. Tulipokata tezi hizo tulikuta granuloma kamili zenye Langhans kama za vitabu vya zamani. Kinga ilikuwa imerudi na kumkuta adui bado yuko ndani. Sijaona slaidi nyingine iliyonifurahisha hivyo, ingawa mwenyewe alikuwa amelazwa na homa.

Leo kuna mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010. Kwa saa mbili hivi inakuambia kama kuna TB na kama rifampisini bado inafanya kazi. Naisifu bila kinyongo. Lakini haijui ukoma, haijui yai la mansoni, na kinyama kilicholala kwenye fomalini si chakula chake. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo kila tezi ilitumbukizwa nzima kwenye fomalini, halafu daktari akashangaa kwamba mashine haikuweza kumsaidia.

Kwa hiyo wewe daktari au muuguzi unayekata: gawanya kinyama. Kipande kimoja kiende kwenye fomalini iliyo mara kumi ya ukubwa wake, kingine kwenye chupa safi isiyo na fomalini, kikiwa na matone ya maji ya chumvi ya hospitali, kwa ajili ya mashine na kuotesha. Andika fomu yote, pamoja na ziwa alilooga mgonjwa na dawa anazomeza. Na wewe mgonjwa uliyepewa jibu la granuloma, ukamaliza miezi sita na uvimbe bado upo, nenda uulize bloku yako ya nta imewekwa wapi. Hukaa miaka mingi bila kuharibika. Omba ikatwe tena.