Watu-Simba wa Singida na Somo la Pili

Anayesoma historia chuo kikuu akachukua saikolojia kuwa somo la pili huulizwa, kwa kebehi kidogo, nusu ya elimu ya akili itamfaa nini. Jibu zuri lipo Singida. Mnamo 1946 na 1947 wilaya hiyo, wakati ule ndani ya Jimbo la Kati, ilitikiswa na vifo vilivyosemekana ni kazi ya watu-simba. Wapo walioamini kwamba binadamu hugeuka simba. Wengine walisema ni vijana waliofungiwa, wakafunzwa kuua, wakavishwa ngozi. Serikali ya Waingereza ilichukulia vifo hivyo kuwa mauaji, ikapeleka polisi.

Mwenye saikolojia peke yake atasema: hofu. Hofu kweli hueneza uvumi, lakini haitenganishi jambo na jambo. Miaka hiyohiyo huko Njombe, bwana nyama George Rushby aliwapiga risasi simba wala watu, simba halisi wenye manyoya, na bado watu walisema wametumwa na mganga. Hofu ni ileile, mambo ni mawili. Ndiyo maana kisa cha Singida kimewahitaji watu wa fani nyingine. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu, wenyeji wa Singida, mwaka 1959 na 1960, alikirudia katika makala ya 1962. Kitabu chake cha 1970 kinawaonyesha kama watu wa hesabu kali za ng'ombe, nafaka na mashamba. Kwenye jamii ya namna hiyo, anayemtuhumu jirani huenda ana deni au mpaka wa shamba moyoni.

Basi, atadakia mtu, saikolojia ina kazi gani hapo? Kazi yake ni kusoma ushahidi, na hapa ndipo penye utamu. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alieleza jinsi Waingereza walivyoisimulia upya hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini: mtumbwi ukawa mashua, mizimu ikayeyuka. Kila msimulizi aliitengeneza ifanane na anayoyajua. Sasa fikiria maelezo ya Kinyaturu yanayopita kwa mkalimani, yakaingia Kiswahili, kisha yakaandikwa kwa Kiingereza na ofisa anayetafuta muuaji. Simba anaweza kuwa mtu njiani, na mtu akawa simba, bila yeyote kudanganya. Mwanahistoria asiyejua hilo atadhani faili ni kioo. Anayejua saikolojia tu hatajua ng'ombe wa nani walikuwa wamedaiwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba nchi inahitaji wataalamu kamili. Ni kweli, na historia yetu inauma hapo. Jimbo la Kati lilikuwa na Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927. Hata hivyo, chuo kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, kilianza na sheria; saikolojia ilikuja baadaye mgongoni mwa ualimu, ikakaa humo muda mrefu. Mwenye somo la pili asithubutu kumtibu mgonjwa. Lakini Mirembe iliwapokea waliosemekana wamerukwa na akili, na mashahidi wa Singida hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wakulima wenye akili timamu, wakikumbuka.