Kutoka Rifles hadi Wananchi

Jina la jeshi huweza kubadilika, jeshi lenyewe likabaki lile lile. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, vikosi vyake vya King's African Rifles, jeshi la kikoloni lililoundwa mwaka 1902, viliitwa Tanganyika Rifles. Maafisa wengi waliendelea kuwa Waingereza. Uongozi huo, pamoja na mishahara duni, ndio uliochochea maasi ya tarehe 20 Januari 1964 katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Siku tano baadaye yalizimwa na majeshi ya Uingereza, kwa ombi la serikali yenyewe (fedheha iliyoje!).

Jeshi hilo lilivunjwa. Jeshi la Wananchi, lililoanzishwa tarehe 1 Septemba 1964, liliandikisha hasa vijana wa TANU, na askari wakaruhusiwa kuwa wanachama. Colito, jina la pigano la Ethiopia la mwaka 1941, lilifutwa; kambi ikaitwa Lugalo, mahali Wahehe walipowashinda Wajerumani mwaka 1891. Lakini koplo, sajini, luteni, meja na kanali hawakuguswa: ngazi za amri zilibaki za Kiingereza, kwa maneno na kwa mpangilio.