Kinga ya virusi: Programu ya bure iliyo hai yaipiku ya wizi

MNUNUZI wa kompyuta ya nyumbani, awe Dar es Salaam au Nairobi, aghalabu huulizwa swali moja kabla hajaondoka dukani: awekewe programu ya kuzuia virusi? Akikubali kwa ada ndogo ya fundi, mara nyingi anachopewa ni nakala isiyo na leseni, na kompyuta huwa hatarini kuliko kama isingewekewa kitu.

Sababu ni namna programu hizo zifanyavyo kazi. Hulinganisha kila faili na orodha ya virusi vinavyojulikana, na kuchunguza mwenendo wa programu nyingine, kwa mfano ile inayoanza ghafla kufunga mamia ya faili kwa msimbo ili mwenyewe adaiwe fedha. Orodha hiyo mtengenezaji huibadili kila siku. Nakala ya wizi mara nyingi hukatwa mawasiliano na mtengenezaji ili leseni isikaguliwe, hivyo hubaki ikivijua virusi vya siku ilipowekwa tu. Aidha, faili ya kuvunjia leseni yenyewe huweza kubeba virusi, na maelekezo yake humtaka mtumiaji azime kinga kwanza.

Wenye Windows 10 au 11 tayari wanayo Microsoft Defender, isiyolipiwa. Miaka ya mwanzo ilidharauliwa, na kwa haki. Lakini katika miaka ya karibuni imekuwa ikipata alama za juu kwenye majaribio ya AV-TEST, maabara iliyoko Magdeburg, Ujerumani. Kwa familia inayosoma barua pepe, kuandika na kutazama filamu, hiyo yatosha.

Programu mbili za aina hii hazikai vizuri pamoja. Kompyuta nyingi mpya huja na programu ya majaribio ya kampuni nyingine, ambayo huisukuma Defender kando. Muda wa majaribio ukiisha, mwenye kompyuta anunue leseni au aiondoe kabisa ili ile ya Windows ishike zamu.

Neno "bure" nalo lichunguzwe. Mwezi Februari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuwa Avast italipa dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti walizotembelea watumiaji wake, kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot iliyofungwa mwaka 2020.

Kwa wakazi wa mijini, mlango mkubwa wa virusi umekuwa flashi inayopelekwa kuchapisha karatasi. Kuna virusi vinavyoficha folda zote na kuacha mahali pake alama za njia ya mkato, anayezibofya huviamsha. Wengi huona kazi yao imepotea na kuifuta flashi yote, ilhali mara nyingi faili bado zimo, zimefichwa tu. Flashi ichunguzwe kwanza kwa programu ya kinga, kisha Windows iamriwe kuonyesha vilivyofichwa.

Wanaotumia bando la simu huzima masasisho kuokoa fedha. Katika Defender, orodha ya virusi huweza kupakuliwa peke yake, bila kungoja masasisho mazima ya Windows. Hata hivyo, hayo nayo yana kazi yake: kirusi cha WannaCry kilichoenea katika nchi zaidi ya 150 Mei 2017 kilipitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake Machi mwaka huo. Kwa Windows 10, masasisho ya kawaida ya usalama yalikoma Oktoba 14, 2025.

Anayeamua kulipia, labda kwa kuwa ana kompyuta kadhaa au watoto wa kuwawekea mipaka mtandaoni, asome bei ya mwaka wa pili. Ile inayotangazwa mara nyingi ni ya punguzo la mwaka wa kwanza, na kadi ya benki huweza kukatwa upya bila kuulizwa.