Nguo Zilizofumwa kwa Mkono, toka Pate hata Ufipa

Mwenye kupita katika soko la Mafinga asubuhi ya baridi ataona vitenge, khanga na vikoi vimetundikwa kwa wingi, navyo karibu vyote ni kazi ya viwanda. Wanafunzi wangu huniambia kwamba nguo ilitujia kwa jahazi, na kwamba kabla ya hapo wazee wetu walivaa ngozi na magome ya miti tu. Neno hilo nimelisikia mara nyingi, wala silikubali.

Katika Bara Hindi, mwenye ujuzi huitambua sari ilikotoka kwa kuutazama ufumaji wake. Ya Banaras hung'aa kwa nyuzi za dhahabu. Ya Kanchipuram ni hariri nzito, na pindo lake aghalabu huwa la rangi mbali na ya mwili wa nguo. Na patola ya Patan, huko Gujarat, nyuzi zake hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa. Je, kwetu palikuwa na tofauti za namna hiyo, mji na mji, nchi na nchi?

Palikuwa nazo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika habari za nguo zilizoitwa kwa jina la mji huo, zikipelekwa mpaka Misri. Pate ilisifika kwa hariri, na Wareno walizitaja nguo zake. Kilwa, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vya udongo vilivyotiwa katika vijiti vya kusokotea uzi. Lakini habari inayonivutia kupita zote ni ya Sofala. Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza kuwa watu wa huko walifuma nguo nyeupe za pamba, na kwa kuwa hawakuujua utiaji wa rangi, walizifumua nguo za rangi za Cambay, wakazichanganya nyuzi hizo na zao, wakafuma upya. Basi watu hao hawakuwa wanunuzi tu. Nguo ya Kihindi kwao ilikuwa uzi.

Bara mambo yalikuwa mengine. Wafipa, na Wanyiha walio jirani zao, walilima pamba, wakaisokota na kuifuma. Kitanda cha mfumi kililazwa karibu na ardhi, mtande ukavutwa baina ya vijiti, na mshindio ukapitishwa kwa mkono. Nguo iliyopatikana ilikuwa nene na ya kudumu, haikushindana na hariri ya Pate kwa ulaini. Hapa Mafinga, palipo juu ya mita 1,800, pamba haistawi. Asiyeona vitanda vya mfumi katika milima ya Mufindi asiseme watu wake hawakuwa na akili ya kufuma. Na atazame kwanza mahali pamba ilipoota.

Kisha ikaja merikani. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kilimiminika Unguja, na misafara ikakichukua bara. Wengi husema hicho ndicho kilichoua ufumaji. Mimi sitosheki na jibu hilo, kwani Wafipa waliendelea kufuma mpaka karne ya 20 ilipoanza, nayo merikani imekwisha kuuzwa miaka zaidi ya sitini. Nadhani lililowashinda ni jingine. Kodi ya nyumba, iliyoamriwa na Wajerumani mwaka 1897, ilimdai mtu fedha. Kijana akaenda mbali kutafuta rupia, na siku alizokuwa akikaa kitandani pa mfumi akazifanyia kazi mashamba ya wengine. Nguo ya kununua haikuhitaji kuwa bora kuliko yake. Ilitosha kwamba yeye hakuwapo nyumbani.

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi maana ya mtande na mshindio. Darasa lilinyamaza, kisha mmoja akakisia kuwa ni vyombo vya wavuvi.