Nyundo Ipo, Chuma Kitoke Wapi?

Anayetaka kuanza uhunzi huanza na vifaa: nyundo nitaipata wapi, fuawe je, na chuma chenyewe? Tunalichukulia kama swali la dukani. Katikati ya miaka ya 1970 swali hilo liliwakuta wazee wa Buhaya, Kagera, waliowahi kuyeyusha chuma enzi za ujana wao, na dukani hapakuwa na jibu.

Aliyewaomba wajenge tena tanuri ni Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani. Alikuwa amefuata simulizi zao mpaka Katuruka, kwenye mti wa Kaiija, jina linalokumbusha kiwanda cha mhunzi. Wazee walisema hapo palifuliwa chuma zamani sana. Alipochimba, akakuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Mimi wanahistoria wa namna hii ndio ninaowapenda, wanaosikiliza kwanza halafu ndipo washike sururu.

Sasa tazama mahitaji ya wazee wale. Udongo wa kichuguu wa kukandika shimo. Matete ya bwawani, yaliyochomwa humo shimoni mpaka likajaa masizi meusi. Mawe yenye chuma, makaa, mabomba ya udongo, mivukuto ya ngozi ya mbuzi, na wanaume wa kuivukuta kwa saa nyingi. Hata mavi ya chuma ya matanuri ya zamani yalirudi kazini, yakajengewa kuta za tanuri jipya. Hakuna cha kuagiza ng'ambo hapo.

Na bado majaribio ya mwanzo yalishindikana! Vitu vyote vilikuwepo. Mikono ndiyo iliyokuwa imekaa miongo mingi bila kazi ile. Walirudia mpaka wakapata bonge la chuma. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science kwamba mabomba yale, kwa kuingizwa ndani kabisa ya tanuri, yalipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Wataalamu wengine walibisha, na ubishi ukaendelea kwa miaka.

Kilichowaachisha kazi wazee hao ni jembe la Ulaya. Lilikuja tayari, kwa bei nafuu, na kukesha na mivukuto kukawa hakulipi. Lakini hapa tusichanganye watu wawili: myeyushaji ndiye aliyepotea, mhunzi alibaki. Mhunzi hajali chuma kimetoka kwenye jiwe au kwenye lori bovu, ilimradi kikiingia motoni kinalainika.

Kwa hiyo anayeanza leo aende kwenye vyuma chakavu. Dar es Salaam kuna Gerezani, Nairobi kuna Kamukunji. Springi ya gari ni chuma kigumu, kikipozwa ghafla kinazidi ugumu, kwa hiyo kinafaa kisu au patasi. Nondo ni laini zaidi; jifunzie kulabu na misumari. Kipande cha reli ni fuawe nzuri sana, ila muulize muuzaji kimetoka wapi, maana reli haziokotwi njiani. Bomba lililopakwa zinki usilitie motoni kabisa, moshi wake unaumiza mapafu. Koleo la kwanza unaweza kununua, la pili ulifue mwenyewe. Mivukuto siku hizi ni feni ya umeme, na sioni dhambi.

Kisha tafuta mhunzi akuruhusu usimame pembeni yake, kwa sababu kuna jambo moja halimo kwenye vyuma chakavu: rangi. Chuma chekundu iliyofifia kinagoma, cha rangi ya chungwa kinatii, kikianza kutoa cheche nyeupe ujue kinaungua. Ndiyo maana, ingawa Wakenya kazi hii wanaiita jua kali, mhunzi mwenyewe huweka moto wake kivulini. Juani rangi hizo hazionekani vizuri.